Safari ya Kikundi Wakati wa Masika: Mambo ya Kukubaliana Kabla ya Kulipa

Miezi ya masika, yaani Machi hadi Mei, si msimu unaopendwa na watalii wala na wenyeji wanaotaka kutembea. Kwa kikundi kisicho na gari lake, miezi hiyo ina unafuu: mabasi yana nafasi, na nyumba nyingi za wageni ziko tayari kupunguza bei. Hata hivyo, ndiyo miezi ambayo barabara za milimani huharibika na mabasi yenye abiria wachache huweza kuishia njiani. Katika makala haya tunaeleza namna ya kupata unafuu huo bila kupoteza fedha za wanakikundi. Ushauri wetu mkuu ni huu: anzeni kupanga safari kutoka mwisho wake.

Tuchukue mfano wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama ishirini jijini Dar es Salaam, kinachotaka kukaa siku tatu Lushoto mwishoni mwa Aprili. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 300. Hupitia Chalinze, Segera na Korogwe hadi Mombo, kisha hupanda milima ya Usambara kwa kilomita zipatazo 33 za kona kali. Wengi hushughulikia kwanza tiketi za kwenda, na mengine huyaacha yajitatue wakishafika. Huo ndio mwanzo wa hasara.

Kurudi

Mabasi mengi ya kwenda Dar es Salaam huondoka Lushoto asubuhi. Kwa hiyo, matembezi ya kwenda Irente kutazama nyika iliyo chini ya milima, au msitu wa Magamba, yasiwekwe siku ya kurudi. Usiku wa mwisho kikundi kilale mjini, karibu na kituo cha mabasi. Aidha, acheni siku moja ya akiba kabla ya siku ya kazi, kwa kuwa maporomoko ya udongo yanaweza kufunga barabara ya milimani kwa saa kadhaa au zaidi. Sikilizeni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania tangu siku chache kabla ya kuondoka, na ombeni wenyeji wenu wawaeleze hali ya barabara.

Kipande cha mwisho cha njia

Tiketi ionyeshe Lushoto kama mwisho wa safari, si Mombo. Msimu ukiwa mdogo, wahudumu wa basi huweza kushawishika kuwafaulisha abiria Mombo na kuwapandisha kwenye gari dogo. Abiria aliyelipa nauli ya kufika Lushoto anastahili kufikishwa Lushoto, na akifaulishwa hapaswi kulipa nauli ya pili. Ili kudai haki hiyo, lazima awe na tiketi. Ndiyo maana tunasisitiza tiketi mtandao yenye jina la abiria, namba ya basi, kituo cha kupandia na kushukia, tarehe, saa na nauli iliyolipwa. Tiketi moja iliyoandikwa "watu 20" haitoshi: mmoja akichelewa au akiugua, hana kitu cha kuonyesha.

Tiketi zikatwe kwenye ofisi ya msafirishaji au kwenye mfumo wake wa mtandao. Mpiga debe anayepokea fedha mkononi pale Mbezi hana wajibu wowote kwenu basi likishaondoka.

Kujadili bei

Nauli zinazotangazwa na Mamlaka kwa mabasi ya daraja la kawaida na daraja la kati ni nauli kikomo. Maana yake ni kwamba msafirishaji haruhusiwi kuzidisha, lakini anaweza kupunguza. Kikundi cha watu ishirini katika msimu wenye abiria wachache kina nguvu ya kuomba punguzo, na si aibu kuliomba. Punguzo likikubaliwa, bei iliyopunguzwa ndiyo ionekane kwenye tiketi. Ulizeni pia masharti ya kuahirisha safari kabla ya kulipa.

Mkiamua kukodi gari

Baadhi ya vikundi hupendelea kukodi Coaster nzima. Gari la abiria hupewa leseni kwa njia maalumu; likitoka nje ya njia hiyo kwa safari ya kukodi, linahitaji kibali. Ombeni kukiona kibali hicho pamoja na bima kabla ya kutoa malipo ya awali. Bila kibali, gari linaweza kuzuiwa njiani, nanyi mkabaki barabarani na mizigo yenu.

Mkataba uwe wa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja. Utaje tarehe na saa, mahali pa kupandia, idadi ya viti, nani analipia mafuta, nani anagharimia chakula na malazi ya dereva, na fedha zitarudishwaje barabara ikifungwa au gari likiharibika. Malipo yapitie akaunti au lipa namba yenye jina la biashara, si simu ya mtu binafsi, na mdai risiti. Msilipe fedha zote kabla ya safari kuanza.

Ndani ya kikundi

Fedha zilizochangwa ni akiba ya watu wengi. Mtunza fedha aandike kila mchango na kila malipo, na picha ya kila risiti itumwe kwa wanachama wote siku hiyo hiyo. Kubalianeni mapema kuhusu fungu la mwanachama atakayejitoa.

Tatizo likitokea, lielezeni kwanza kwa ofisi ya msafirishaji, mkitaja namba ya basi na muda. Msiporidhika, wasilisheni malalamiko kwetu kwa namba ya simu ya bure iliyo kwenye jalada la nyuma la kijitabu hiki, pamoja na nakala za tiketi. Malalamiko yenye tiketi hutuwezesha kumpata mhusika na kumhoji. Yasiyo na tiketi ni vigumu kuyathibitisha, hata pale tunapoamini kwamba abiria anasema kweli.