Kuchagua Kitabu cha Kujisomea: Mfano wa Mtihani wa Ufundi wa Kompyuta

Katika vyuo vyetu mwanachuo hufundishwa namna ya kuwachagulia wanafunzi wake vitabu. Ni mara chache afundishwe kujichagulia kitabu yeye mwenyewe, hasa anapotaka kujifunza jambo ambalo hana mkufunzi wa kumwongoza. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba kazi hizo mbili ni moja, na kwamba kanuni zile zile zatosha kwa zote mbili.

Kwa mfano tutautumia mtihani wa CompTIA A+, ambao ni wa ngazi ya kwanza kwa mafundi wa kompyuta. Tumeuchagua kwa sababu shule za msingi zenye kompyuta zinaongezeka, na mahali ambapo fundi yuko mbali, mwalimu ndiye anayeitwa mashine inapokataa kuwaka. Baadhi ya wanachuo wanapenda kujiandaa kwa kazi hiyo, na vitabu vya kujisomea ni ghali. Anayekosea kuchagua hupoteza akiba ya miezi kadhaa.

1. Mtihani wenyewe

Mtihani huu ulianzishwa mwaka 1993 na CompTIA, ambayo wakati huo ilikuwa jumuiya ya wafanyabiashara wa kompyuta nchini Marekani. Siku hizi hufanywa katika nchi nyingi. Miji ya Nairobi na Dar es Salaam ina vituo vyake. Una sehemu mbili, na mtahiniwa hana budi kufaulu zote mbili, tena za toleo moja. Kila sehemu ina maswali yasiyozidi 90, nayo hufanywa kwa dakika 90. Alama hupangwa kuanzia 100 hadi 900. Kufaulu ni 675 katika sehemu ya kwanza na 700 katika ya pili. Kwa kuwa kipimo hicho hakianzii sifuri, alama hizo si asilimia ya maswali yaliyojibiwa sawasawa.

2. Tuanze na malengo, si na jalada

Mwalimu hachagui kitabu cha kiada kabla ya kuusoma muhtasari wa somo. Vivyo hivyo, anayejiandaa kwa mtihani huu na aanze kwa kupata orodha ya malengo, ambayo wenye mtihani huitoa bila malipo. Orodha hiyo humwonyesha mambo mawili.

Kwanza, toleo. Kila toleo lina nambari zake. Toleo la 220-901 na 220-902 lilikoma mwaka 2019, la 220-1001 na 220-1002 likakoma mwaka 2022, na la 220-1101 na 220-1102 likakoma mwezi Septemba 2025. Toleo lililoanza mwezi Machi 2025 ni la 220-1201 na 220-1202. Kitabu kisichotaja nambari za toleo linalotahiniwa hakifai kuwa kiada, hata kikiuzwa kwa bei ya karanga. Kitabu cha toleo la 220-902, kwa mfano, hueleza kwa kirefu Windows Vista na Windows 7. Hata hivyo tusikitupe: chaweza kuwa kitabu cha ziada, maana namna umeme unavyopita katika mashine haibadiliki kwa kubadilika kwa toleo.

Pili, uzito wa mada. Katika 220-1201, kutafuta hitilafu za vifaa na mitandao huchukua asilimia 28, vifaa vyenyewe 25, mitandao 23, vifaa vya mkononi 13, na kompyuta pepe pamoja na huduma za wingu 11. Katika 220-1202, mifumo endeshi huchukua 28, usalama 28, kutafuta hitilafu za programu 23, na taratibu za kazi 21. Basi tufungue yaliyomo na tuhesabu kurasa. Kitabu kinachotumia nusu ya kurasa zake kutaja majina ya vifaa, kisha kikagusa kwa haraka utafutaji wa hitilafu, hakiulingani mtihani.

3. Tuchunguze vitenzi

Wanachuo wanaukumbuka mpangilio wa malengo ya elimu ambao Benjamin Bloom na wenzake waliuchapisha mwaka 1956, unaoanzia maarifa na kupanda kupitia ufahamu, matumizi, uchanganuzi na usanisi hadi tathmini. Orodha ya malengo ya A+ nayo ina vitenzi vyake. Baadhi ya malengo husema: eleza, au linganisha. Mengine mengi humpa mtahiniwa hali fulani na kumtaka atende: printa inatoa kurasa zenye mistari, afanye nini? Tena mtihani una maswali ya kutenda, mbali na yale ya kuchagua jibu.

Kwa hiyo kitabu chema humpandisha msomaji ngazi. Kikieleza kumbukumbu ya kompyuta, basi kimwambie pia dalili za kumbukumbu iliyoharibika, kimpe mfano, kisha kimtake aamue. Kitabu cha orodha za kukariri humwacha kwenye kidato cha kwanza cha ngazi.

4. Tupime maswali ya mazoezi

Tusome majibu kabla ya kusoma maswali. Jibu linalosema tu kwamba herufi B ndiyo sahihi halifundishi. Jibu linaloeleza kwa nini B ni sahihi, na kwa nini A, C na D si sahihi, humfunza msomaji mambo manne kwa swali moja.

Kuna pia makusanyo ya maswali yaliyoibwa katika mtihani halisi, yanayouzwa kama vitabu vya marudio. Tuyaepuke kabisa. Kuyatumia ni kuvunja masharti ya mtihani, na cheti chaweza kufutwa. Lakini kuna hasara kubwa zaidi. Pawasaplai ya kompyuta huweza kubakiza umeme wa kudhuru hata baada ya kuchomolewa ukutani, ndiyo sababu haifunguliwi ovyo. Aliyekariri herufi bila kufahamu atakuwa na cheti mkononi na watoto arobaini wamemzunguka, naye hajui asichopaswa kukigusa.

5. Lugha na mikono

Vitabu hivi huandikwa zaidi kwa Kiingereza. Tusome kurasa mbili za katikati kabla ya kununua. Tukishindwa kuieleza maana yake kwa Kiswahili chetu wenyewe, ama kitabu ni kigumu kupita kiasi, ama tuanze na chepesi zaidi. Yafaa pia kitabu kiwe na faharasa ya istilahi.

Mwisho, kitabu kiwe na kazi za mikono zinazoweza kufanywa kwa kompyuta kuukuu isiyotumika. Kiada kimoja na kitabu kimoja cha maswali vyatosha. Rundo la vitabu humchosha msomaji kabla hajaanza.

Hitimisho

Tumeona kwamba kitabu hupimwa kwa malengo, uzito wa mada, vitenzi, majibu, lugha na kazi za mikono. Jina kubwa na jalada la kupendeza havimo katika orodha hiyo. Atakayejichagulia kitabu kwa njia hii atawachagulia na wanafunzi wake kwa njia hii hii.

Zoezi: Wanachuo wajigawe katika vikundi vya watu wanne. Kila kikundi kichukue kitabu kimoja cha marudio ya darasa la saba kutoka maktaba ya chuo, kilinganishe kurasa zake na muhtasari wa somo, kisha kiandike katika ukurasa mmoja kama kinafaa kuwa kiada, ziada, au hakifai.