Sarafina! Jukwaani na Nafasi ya Hadhira

Tamthilia ya muziki ni sanaa ya maonyesho ambayo nyimbo, uchezaji na mazungumzo hubeba kisa kimoja kwa pamoja, kiasi kwamba wimbo ukiondolewa, sehemu ya kisa nayo hupotea. Miongoni mwa tamthilia za aina hii zinazopendwa sana barani Afrika ni Sarafina!, iliyotungwa na Mbongeni Ngema wa Afrika Kusini, akishirikiana na mpiga tarumbeta Hugh Masekela katika muziki, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 katika ukumbi wa Market Theatre, Johannesburg. Wengi wa wapenzi wake Afrika Mashariki waliifahamu kupitia filamu ya mwaka 1992, lakini anayeijua kwa filamu pekee hajaionja nafasi ambayo mtunzi aliiachia hadhira ndani ya kisa chenyewe.

Kisa hicho kinawahusu wanafunzi wa Shule ya Morris Isaacson, Soweto, katika kipindi cha maasi yaliyoanza tarehe 16 Juni 1976, vijana walipoandamana kupinga agizo la serikali ya makaburu la kufundisha baadhi ya masomo kwa Kiafrikana. Wanafunzi hao wanaandaa igizo kuhusu siku ambayo Nelson Mandela atakuwa huru, na mmoja wao, Sarafina, ndiye anayeigiza nafasi ya kiongozi huyo. Mbinu hii, ambayo wahakiki huiita mchezo ndani ya mchezo, huwabadilisha watazamaji kuwa wahusika, kwa kuwa hotuba ya kiongozi huhitaji umma wa kuipokea, na walioketi ukumbini ndio umma wenyewe. Kwa kuwa Mandela hakuachiwa hadi Februari 1990, hadhira ya kwanza ilishangilia tukio ambalo lilikuwa bado tumaini tu.

Muziki nao umejengwa juu ya msingi huohuo. Ngema alitumia mbaqanga, muziki wa vitongoji vya Waafrika unaounganisha magitaa, ala za kupuliza na sauti za waimbaji zinazopangwa kwa ngazi, pamoja na utaratibu wa kiongozi kuanzisha na kundi kuitikia. Katika rekodi, idadi ya waitikiaji imekwisha kupangwa na haiongezeki, ilhali ukumbini makofi na sauti za watazamaji huingia katika kiitikio, nao waigizaji, wakihisi joto hilo, huweza kuongeza nguvu ya sauti na ya miguu. Ndiyo maana maonyesho mawili ya kundi lilelile hayafanani kamwe, na anayezijua nyimbo kwa moyo bado ana jambo jipya la kusikia.

Tofauti nyingine iko katika macho. Kamera humchagulia mtazamaji uso wa kuutazama, ilhali jukwaa humwachia uhuru, hivyo marafiki walioketi safu moja huweza kutoka na mambo tofauti: mmoja akiwa amemfuata Sarafina, mwingine akiwa amemtazama mchezaji wa safu ya nyuma, na wa tatu wapiga ala. Mazungumzo yao baada ya onyesho huikamilisha tamthilia, kwa sababu hakuna jozi moja ya macho inayoweza kuona yote yanayotendeka kwa wakati mmoja.

Kuketi pamoja kulikuwa na uzito wa pekee pale tamthilia hii ilipozaliwa. Market Theatre, iliyofunguliwa mwaka 1976 katika majengo yaliyokuwa soko, iliwapokea watu wa rangi zote chini ya paa moja, wakati ambapo sheria za nchi ziliwatenganisha katika sehemu nyingi za maisha. Kwa hiyo mkusanyiko wa watazamaji ulikuwa tayari tendo la kisiasa kabla ya wimbo wa kwanza kuanza. Anayeipenda Sarafina! na kupata fursa ya kuitazama jukwaani atafanya vyema kwenda na marafiki zake, kwa maana kazi hii ilitungwa kwa ajili ya umati, na umati huo huanza kwa watu wachache walioamua kwenda pamoja.