Siku Tatu na Wanafunzi Mjini Rio de Janeiro

Mgeni aingiaye Rio de Janeiro huambiwa atazame juu. Ndivyo tulivyoambiwa na sisi, watu kumi na tisa katika basi moja: wanafunzi kumi na saba, mwalimu wao wa historia, na mimi niliyekaribishwa kufuatana nao. Wengi wa vijana hao walikuwa Wabrazili kutoka miji ya bara ambao hawajapata kuuona mji huu. Watano walikuwa Waafrika wanaosoma huko, watatu wa Angola na wawili wa Msumbiji. Ratiba yetu ilitungwa na watu wenye kazi ya kutembeza wageni. Siku ya kwanza mlima Corcovado, siku ya pili mlima Pão de Açúcar na ufuko wa Copacabana, siku ya tatu uwanja wa mpira wa Maracanã. Mahali paitwapo Valongo paliandikwa chini kabisa ya karatasi, na mbele yake maneno mawili tu: dakika ishirini.

Sitaki msomaji adhani kwamba naidharau milima ya Rio. Hakuna mtu mwenye macho awezaye kuidharau. Kwenda Corcovado tulipanda gari moshi dogo ambalo njia yake ilifunguliwa mwaka 1884, nalo lapanda msituni kwa mwendo wa mzee mwenye busara hadi karibu na kilele, mita 710 juu ya bahari. Huko ndiko isimamapo sanamu ya Kristo iliyozinduliwa tarehe 12 Oktoba, 1931, ya saruji na chuma, iliyovikwa vipande vidogo vya jiwe laini. Kimo chake ni mita 30, na toka ncha ya mkono huu hata ncha ya mkono ule ni mita 28. Habari hizi nilizisoma, kuiona sikuiona. Wingu lilikuwa limekaa juu ya kilele kama kuku juu ya mayai, nasi tukajikuta tumelipa nauli ya kutazama ukungu. Baada ya nusu saa upepo ukafungua dirisha moja tu, na chini yetu ikatokea ghuba ya Guanabara, visiwa vyake, meli zake, na nyumba nyeupe zilizobanana kati ya miamba na maji. Vijana wakapiga kelele kwa furaha. Dirisha likafungwa tena.

Pão de Açúcar tulipanda kesho yake kwa gari lile linaloning'inia katika waya, ambalo lilianza kazi mwaka 1912. Safari hii hapakuwa na wingu. Kila mtu alipiga picha zake, na sina la kuongeza ambalo picha hazikulisema. Ila mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliwaita vijana upande mmoja wa kilele akawaonyesha bandari kwa mbali, mahali ambapo macho yetu hayakupambanua kitu isipokuwa mapaa na majengo ya mji. Akasema, "Kule nyuma ndiko walikoshukia." Mwanafunzi mmoja wa Angola akatoa karatasi ya ratiba mfukoni, akaisoma, akauliza kwa nini dakika ishirini.

Swali hilo tulirudi nalo mpaka bwenini. Baada ya chakula cha jioni Waangola wakatoa shauri kwamba alasiri ya siku ya tatu yote itumiwe Valongo, na Maracanã iachwe. Hapo ndipo palipozuka maneno! Kijana mmoja wa Kibrazili, mrefu, mtaratibu, ambaye siku zote mbili hakusema neno, alisimama akasema kwamba babu yake alimhadithia Maracanã tangu akiwa mtoto: jinsi tarehe 16 Julai, 1950 watu karibu laki mbili walivyoketi pale kungoja kombe la dunia, Brazil ikihitaji sare tu, na jinsi Uruguay walivyowafunga mabao mawili kwa moja, watu wakatoka wakiwa kimya kama wanaotoka maziarani. Alisema hana hakika kama atapata nauli ya kuja Rio mara nyingine. Maneno yake yalikuwa ya haki, na wala si jambo dogo kumwomba mtu maskini atoe ndoto yake. Wakapiga kura. Valongo ilipata tisa, Maracanã nane. Kijana yule akaenda kulala bila ya kuaga.

Basi alasiri ya siku ya tatu tukashuka karibu na bandari. Valongo, msomaji, ni shimo. Barabara zapita pembeni yake, na ndani, chini kuliko kimo cha mtu, waona mawe yaliyopangwa ovyo ovyo, makubwa kwa madogo, na maji ya mvua yametuama katikati. Mpita njia mwenye haraka angedhani mafundi wa mabomba wamelala kazini.

Katika miaka ya 1770 mtawala wa Kireno, Marquis wa Lavradio, alichukizwa kuona Waafrika waliotoka melini, wagonjwa na uchi, wakipitishwa katika njia kuu za mji mbele ya mabwana na mabibi. Biashara yenyewe haikumchukiza. Kilichomchukiza ni kuiona. Akaamuru soko la watumwa lihamishiwe Valongo, ambako siku zile kulikuwa nje ya mji. Mwaka 1811 likajengwa gati la mawe haya, na yakadiriwa kwamba Waafrika wapatao 900,000 waliingia Amerika ya Kusini kwa njia hii. Mwaka 1831 Brazil, kwa kushurutishwa na Uingereza, ilitunga sheria ya kukataza kuingiza watumwa. Gati likafungwa, watumwa wakaendelea kushushwa kwa siri katika fuko nyingine, mpaka sheria kali zaidi ilipotungwa mwaka 1850. Wabrazili wana msemo hata leo juu ya jambo lifanywalo kwa kujionyesha tu, husema ni "la kuwaonyesha Waingereza", na wengi husema msemo huo ulizaliwa na sheria ile. Utumwa wenyewe haukukomeshwa ila tarehe 13 Mei, 1888, nyuma ya nchi zote za Amerika.

Mwaka 1843 binti mfalme Teresa Cristina aliletwa kutoka Naples kuwa mke wa Kaisari Pedro wa Pili. Kwa ajili ya kumpokea, mawe haya yakafunikwa kwa mawe mengine yaliyochongwa vizuri, na mahali pakapewa jina jipya la heshima yake. Mwaka 1911 gati la Malkia nalo likafukiwa, pakatengenezwa uwanja. Miaka mia moja baadaye, mwaka 2011, mji ulipokuwa ukijipamba kwa michezo ya Olimpiki ya 2016, wachimbaji wakayafikia mawe yale ya kwanza, na katika udongo wake wakakuta shanga, kauri, pete na hirizi. Mwaka 2017 shirika la UNESCO likalitia gati hili katika urithi wa dunia.

Kireno changu ni cha kuombea maji, lakini mwalimu alipozitaja shanga nilishtuka. Kwa Kireno cha Brazil ushanga ni "miçanga", neno waliloliokota katika lugha ya Kimbundu ya Angola. Na mawe haya yaliyopangwa ovyo huitwa "mguu wa moleque", na moleque, neno la Kimbundu vilevile, ni kijana wa kiume; zamani waliita hivyo watoto wa watumwa. Waangola wakacheka kwa kusikia maneno ya nyumbani, kisha wakaacha kucheka.

Mmoja wa wale wawili wa Msumbiji alikuwa binti, Mmakua wa Nampula. Alimwuliza mwalimu kama katika watu wale wote walikuwamo pia watu wa pwani ya mashariki. Akajibiwa kwamba walikuwamo wengi, hasa baada ya Waingereza kuzuia biashara hiyo kaskazini ya Ikweta: meli zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji. Kutoka Angola safari ilichukua kama siku 40. Kutoka Msumbiji ilizidi miezi miwili, na vifo vilikuwa vingi zaidi. Waliofika Rio waliitwa kwa jina moja tu, "Moçambique", wawe Wamakua au wawe watu gani.

Wasiomaliza siku nyingi baada ya kushuka walitupwa mahali si mbali na gati. Palisahauliwa mpaka mwaka 1996, ambapo watu waliokuwa wakitengeneza nyumba yao walichimba sakafu wakakuta mifupa. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho ya Pretos Novos, yaani "weusi wapya", jina walilopewa waliotoka melini karibuni. Waangalia chini kwa kupitia kioo. Kijana mrefu wa Maracanã alisimama mbele ya kioo kile muda mrefu kuliko wote, mikono nyuma. Sikumwuliza kitu.

Dereva alipiga honi mara mbili. Dakika ishirini zilikuwa zimepita mara nyingi. Katika basi binti yule wa Nampula alikuja kukaa karibu nami akaniuliza kama ni kweli kwamba kwetu nako kuna Wamakua. Nikamwambia wapo, Masasi na sehemu zile. Akataka kujua mto Ruvuma wapita wapi. Nikaomba kalamu, nikageuza karatasi ya ratiba, nikamchorea mto, na kila upande nikaandika jina la watu wale wale.