Kupima Usikivu, Sarufi na Msamiati wa Kiingereza

Mwalimu anapoketi kutunga jaribio la Kiingereza, mara nyingi mkono wake huenda kwanza kwenye sarufi. Sababu yake haifichiki: swali la sarufi hutungwa upesi, husahihishwa upesi, na jibu lake huonekana halina ubishi. Msamiati hufuata. Usikivu huachwa mwisho, na kwa kawaida huachwa kabisa. Katika makala haya tutazungumzia stadi zote tatu, lakini tutaanza na hiyo iliyoachwa, kwa kuwa ndiyo yenye uzito mkubwa kwa mtoto wa Tanzania anayemaliza darasa la saba katika shule iliyomfundisha kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari ambako mwalimu wa Jiografia, wa Baiolojia na wa Historia wote watamweleza mambo kwa Kiingereza, tena kwa mdomo.

Wanafunzi tunaowafikiria hapa ni wale waliokwisha kuvuka hatua za mwanzo na za kati. Baraza la Ulaya lilipotoa vipimo vyake vya ujuzi wa lugha mwaka 2001, lilivigawa katika ngazi 6, kuanzia A1 hadi C2. Daraja tunalolisema liko kwenye B2. Mtu wa daraja hilo hufuata hotuba ndefu kiasi juu ya jambo analolijua, hutoa maoni yake pamoja na sababu, na makosa yake hayamzuii msikilizaji kumwelewa. Mtoto wa shule ya msingi hajafika hapo, wala si haki kumdai hivyo. Lakini mwanachuo anayejiandaa kumfundisha mtoto huyo hana budi kuwa hapo au jirani na hapo. Zaidi ya hayo, majaribio anayopewa chuoni ndiyo atakayoyaiga darasani, mema yake na mabaya yake.

Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walitoa taarifa juu ya ufundishaji wa Kiingereza katika Tanzania. Waliwapima wanafunzi kwa vifungu vyenye nafasi za kujaza, wakakuta kwamba wengi wa wanafunzi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo yao. Nao walikuwa wamekwisha kuchaguliwa kwa mtihani. Alama zilikuwa zimesema jambo moja, darasa likasema jingine. Ndipo tunaposema kwamba swali la Kiingereza lililotungwa ovyo si kosa dogo la mwalimu: mwanafunzi ndiye atakayelilipia, miaka minne mfululizo, akinakili ubaoni maneno asiyoyaelewa.

Sasa tuingie katika usikivu. Jambo la kwanza la kujiuliza ni kama kweli tunapima kusikiliza. Mwalimu akisoma kifungu kuhusu mlima Kilimanjaro, kisha akauliza ni mlima upi ulio mrefu kuliko yote katika Afrika, hajapima masikio ya mtu. Aliyelala wakati wa kusomwa atajibu sawa na aliyesikiliza. Akisoma kifungu cha dakika tano na kuuliza maswali 10 baada ya kumaliza, amepima kumbukumbu. Akiwapa wanafunzi maswali yaliyoandikwa kwa maneno magumu kuliko ya kifungu chenyewe, amepima kusoma. Kuna njia rahisi ya kulikagua jaribio kabla ya kulitumia: mpe mwalimu mwenzako maswali bila kumsomea kifungu. Yale atakayoyapata, yafute.

Kifungu chenyewe kiwe cha maneno 200 hadi 250, yaani kisomwe kwa muda wa dakika moja na nusu au mbili hivi. Kiwe na sura ya maneno yanayosemwa: tangazo la kituo cha basi, maelekezo ya muuguzi, mabishano ya watu wawili juu ya bei ya mahindi. Habari ya gazeti yenye sentensi ndefu zilizopachikana haifai, kwani hakuna mtu azungumzaye hivyo. Wanafunzi wasome maswali kabla ya kusikiliza, ili wajue wanachotafuta, kama vile mtu asikilizavyo redio akitaka kujua habari fulani tu. Kisomwe mara mbili. Mtihani wa Cambridge wa daraja hili, uliokuwa ukiitwa Lower Certificate ulipoanza mwaka 1939, leo hufanya hivyo hivyo: maswali 30 kwa muda wa dakika 40 hivi, na kila sehemu husikika mara mbili.

Msomaji asibadili maneno katika usomaji wa pili kwa nia ya kusaidia, wala asikatekate neno moja moja. Huruma ya namna hii huharibu kazi. Katika sentensi "I should have told him", neno "have" karibu limezwe na jirani zake, na kulisikia likiwa limemezwa ndiyo stadi yenyewe. Mwalimu anayelitamka peke yake, kwa nguvu, amelitoa jibu. Juu ya kinasa sauti tutasema machache. Ukiwa nacho, vema. Siku hizi simu ya mkononi yaweza kubeba sauti iliyorekodiwa, ila sauti yake haifiki kiti cha nyuma katika darasa la watoto 80. Sauti ya mwalimu aliyesimama katikati ya chumba, aliyejizoeza kusoma kifungu chake mara tatu jioni ya jana yake, hutosha. Mvua ikianza kupiga juu ya bati, ahirisha jaribio; hakuna namna nyingine ya haki.

Yako mambo ambayo masikio yaliyolelewa na Kiswahili huyakosa, na hayo yastahili maswali. Kiswahili kina irabu tano, hivyo "live" na "leave" husikika sawa, na "hat", "hut" na "heart" huwa neno moja. Tofauti ya "thirteen" na "thirty" imo katika mkazo na katika mwisho wa neno, mahali ambapo sisi hatukuzoea kutega sikio. Lakini maneno haya yasitamkwe moja moja kama orodha. Yatiwe katika habari ambayo kosa litabadili maana: dawa ya vidonge 13 au 30, wageni wanaoishi au wanaoondoka.

Jambo jingine ni jibu la swali la kukanusha. Mmoja auliza, "Hasn't the bus come yet?" na mwenzake ajibu, "No." Kwa Kiingereza maana yake basi halijafika. Mswahili aliyeulizwa, "Basi halijafika bado?" huweza kujibu, "Ndiyo," akikubaliana na aliyeuliza, na basi likawa bado halijafika vilevile. Swali moja la namna hii katika mazungumzo mafupi hutuambia mengi: je, hawa wawili watasubiri au watapanda? Mwanafunzi anayejua kila neno lililosemwa aweza kulikosa, na tutakuwa tumejifunza kitu ambacho maswali 10 ya msamiati yasingetuonyesha.

Imla nayo ina historia ya kupanda na kushuka. Ilikuwamo katika mtihani wa kwanza wa Cambridge wa Kiingereza kwa wageni, mwaka 1913, ambao ulikuwa na watahiniwa watatu tu na wote watatu wakashindwa. Baadaye wataalamu waliidharau. Robert Lado, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya upimaji wa lugha, aliona haipimi mengi, kwa kuwa maneno pamoja na mpangilio wake hutolewa na msomaji mwenyewe. Katika miaka ya 1970 John Oller aliirudishia heshima. Hoja yake ilikuwa kwamba msikilizaji hapokei sauti tupu. Huzijenga upya kwa sarufi aliyo nayo. Sisi tunakubaliana na Oller, kwa sharti kwamba imla isomwe ipasavyo. Soma kifungu kizima mara ya kwanza wakisikiliza tu. Kisha soma kwa mafungu ya maneno 5 hadi 8, wakiandika: "She told me that the medicine", halafu "had been kept in a cool place", halafu "but nobody had written the date on it". Fungu likiwa la maneno mawili, hata asiyeelewa ataandika. Likiwa la maneno 7, sauti peke yake hazikai kichwani bila maana ya kuzishika. Mwisho soma tena kizima.

Katika kusahihisha, tenganisha kosa la tahajia na kosa la sikio. Aliyeandika "recieve" amesikia vizuri. Aliyeandika "had be kept" ameupata mwanzo wa sauti, lakini sarufi yake haikumsaidia kuukamilisha. Ukiwakata wote wawili alama moja, umechanganya mambo mawili, na alama yako haitakuambia ufundishe nini kesho.

Kuhusu sarufi hatutakaa sana, kwani vitabu vyetu vimejaa maswali yake. Tutataja ugonjwa mmoja wa maswali ya kuchagua jibu. Tazama hili: "He ___ in Morogoro for five years." Chaguo ni "lived", "has lived", "is living" na "live". Mtunzi alitaka "has lived". Lakini "lived" nalo ni sahihi kabisa, ikiwa mtu huyo amekwisha kuhama. Mwanafunzi hodari atalifikiria hilo, atasita, na huenda akakosa. Dhaifu atachagua lile alilokariri. Dawa yake ni kuongeza neno litakalofunga mlango: "He ___ in Morogoro since 2015." Sasa jibu ni moja. Aidha tukumbuke kwamba katika maswali 40 yenye chaguo nne, asiyejua chochote ataokota kama alama 10 kwa kubahatisha. Alama 14 si theluthi ya ujuzi.

Kwa sababu hiyo twapenda zaidi zoezi la kuandika upya sentensi. Ubaoni huandikwa, "It is a long time since we visited them," na chini yake, "We have not…" Mwanafunzi akiandika "We have not visited them for a long time", hakubahatisha. Halihitaji karatasi ya kuchapa, na darasa lote huweza kulifanya kwa dakika mbili.

Kuna pia zoezi la mapengo, lililobuniwa na Wilson Taylor mwaka 1953. Yeye alitaka kupima kama maandishi ni mepesi au magumu kusomeka, na wengine ndio waliolitumia kupima wanafunzi. Acha sentensi ya kwanza nzima, kisha ondoa kila neno la saba. Wapo wanaopenda kuchagua wenyewe maneno ya kuondoa, na kwa mwalimu wa darasa hilo ni bora: "The bus left Dodoma at six in the morning. It was so full ___ some passengers had to stand all the ___ to Morogoro." Pengo la kwanza ladai sarufi, yaani "that" inayofuata "so". La pili ladai msamiati, "way". Kubali kila jibu linalofaa, si lile la mwandishi peke yake, na jibu kifungu wewe mwenyewe kwanza bila kutazama asili yake.

Katika msamiati kosa kubwa ni kuwinda maneno adimu. Michael West alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno 2,000 hivi yanayotumika zaidi katika Kiingereza. Mwanachuo asiyeyamudu hayo ana shida kubwa kuliko kutojua jina la mnyama wa Australia. Tena kumudu neno si kujua tafsiri yake moja. Mswahili huazima kitabu na huazima mtu kitabu, lakini Kiingereza hutaka "borrow" kwa mmoja na "lend" kwa mwingine. Husikia sauti, husikia njaa na husikia harufu, na Mwingereza ana "hear", "feel" na "smell". Hufanya kosa, hufanya kazi ya nyumbani na hufanya mtihani: "make", "do" na "take". Hapa ndipo maswali yatungwe. Wako wenzetu wanaoharamisha Kiswahili kisisikike kamwe katika somo la Kiingereza. Sisi tunaona kwamba mwalimu anayekijua Kiswahili anajua mapema mahali mwanafunzi atakapojikwaa, na hiyo ni mali ambayo mtunzi wa mitihani aliye London hana.

Jaribio likiisha kusahihishwa, kazi imebaki nusu. Tuseme darasa lina wanafunzi 45. Panga karatasi kwa alama, chukua 15 za juu na 15 za chini, kisha hesabu waliopata kila swali. Swali lililopatwa na 13 wa juu na 4 wa chini ni zuri, linawatenganisha. Swali lililopatwa na 8 wa juu na 9 wa chini lina kasoro: huenda lina majibu mawili, kama lile la Morogoro, au shina lake linapotosha. Usilihesabu katika alama za mwisho. Lililopatwa na wote 30 halikupima kitu, ingawa laweza kubaki mwanzoni mwa karatasi ili kuwatuliza wenye hofu. Maswali mazuri yanakiliwe, kila moja katika kadi yake, pamoja na hesabu hiyo na mwaka. Kadi zikatwe kutoka majalada ya madaftari yaliyokwisha, na zitunzwe katika boksi la chaki.