Madai ya Bima Hospitalini: Kijana Aisomee Kazi Hii?

Sehemu ya pili

Wiki iliyopita nilieleza safari ya kadi ya bima, tangu mgonjwa anapoikabidhi dirishani hadi fedha zinapoingia kwenye akaunti ya hospitali. Hazikupita siku tatu, baba mmoja wa Mjimwema, Makambako, akanipigia simu. Anauza mbao. Kijana wake amemaliza kidato cha sita, na ameona mtandaoni tangazo la kozi ya Kimarekani ya miezi michache: unajifunza kuandika namba za magonjwa na kudai malipo, unapata cheti, unafanya kazi ukiwa nyumbani, unalipwa kwa dola. "Mwalimu," akaniuliza, "kazi hii ipo kweli, au ni mambo ya mtandao tu?"

Ipo, tena ipo jirani naye kabisa. Ila ile ya jirani na ile ya tangazo ni kazi mbili, na watu wengi wanazichanganya.

Tuanze na hizo namba. Mwaka 1893 mtakwimu Mfaransa, Jacques Bertillon, aliwasilisha orodha ya sababu za vifo ili nchi mbalimbali zihesabu wafu wao kwa namna moja. Shirika la Afya Duniani lilipoichukua mwaka 1948, orodha ilikuwa imepanuliwa na kuingiza magonjwa ya walio hai. Toleo la kumi, ICD-10, ndilo lililozoeleka hospitalini kwetu, ingawa la kumi na moja lilianza kutumika rasmi Januari 1, 2022. I10 ni shinikizo la damu. E11 ni kisukari cha aina ya pili. Bertillon hakuwa akifikiria bima hata kidogo. Yeye alishughulika na makaburi.

Sasa chukua fomu moja ya madai, ile ya 2A na 2B. Mama wa miaka 54 ana presha na sukari. Daktari amempima, ameagiza kipimo cha sukari, ameandika amlodipini ya presha na metformini ya sukari. Mama amepewa dawa zake, amesaini, ameondoka. Kwenye nafasi ya ugonjwa daktari ameandika I10 peke yake. Mwisho wa mwezi fomu inapewa namba ya folio na kupelekwa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, pamoja na mamia ya wenzake. Mhakiki anaikuta metformini, anautafuta ugonjwa wake, hauoni. Anakata malipo. Dawa imetoka kweli, kipimo kimefanyika kweli, na hospitali imekosa fedha yake kwa sababu ya herufi moja na tarakimu mbili ambazo daktari hakuziandika, maana nje kulikuwa na benchi zima likimsubiri.

Mtu wa madai aliye hodari anaiona fomu hiyo kabla haijaondoka. Kalamu anayo, na E11 anaijua kama jina lake. Akiiandika mwenyewe, amefoji, hata kama mama yule ana kisukari cha miaka kumi. Anachotakiwa ni kuibeba fomu, avuke uwanja katika baridi yetu ya Juni, amsubiri daktari atoke wodini, amwonyeshe, daktari aongeze na kusaini. Kisha arudi kufuata nyingine. Wapo madaktari wanaoshukuru, na wapo wanaomwona kama nzi. Kijana asiyeweza kumwambia mkubwa wake "samahani daktari, hapa pamepungua kitu" bila kutetemeka na bila kiburi, kazi hii itamshinda hata akiwa na vyeti vitatu.

Niliwahi kukaa siku kadhaa na watu wa bima wa hospitali moja nisiyoitaja, tukipekua maboksi ya fomu zilizokatwa. Nilitegemea kukuta wizi. Nyingi zilikuwa na uzembe tu: saini ya mgonjwa haipo, namba ya kadi imekosewa, tarehe ya kuruhusiwa imetangulia ya kulazwa. Wizi nao upo, na namba hizi hizi huufichua. Njombe, kwa baridi yake, ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Zahanati ya huku ikipeleka madai yaliyojaa malaria mwezi hadi mwezi, mhakiki ataanza kuuliza hao mbu wametoka wapi.

Na kazi yenyewe inaongezeka. NHIF ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001 ikiwa na watumishi wa umma, mchango ukiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu yake akiitoa mwajiri. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka kila mtu awe ndani. Kila atakayeingia ni fomu nyingine ya kuandika, kuhakiki na kulipwa. Hospitali za misheni mkoani mwetu, Ikonda kule Makete na Ilembula kule Wanging'ombe, zina kila sababu ya kumtafuta mtu anayejua kuziba mianya ya makato.

Tatizo ni jina la kazi. Mara nyingi anayekaa kwenye meza ya madai ni muuguzi, mhasibu au karani aliyehamishiwa hapo, akajifunza kwa kuchomwa na makato. Kenya wametutangulia: tangu 2016 wana sheria inayowatambua wataalamu wa kumbukumbu za afya, na chuo chao cha tiba, KMTC, kinawafundisha hadi stashahada. Kwetu njia iliyo karibu zaidi ni stashahada ya sayansi ya taarifa za afya katika vyuo vilivyosajiliwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Mwenye nayo anaweza kukaa masjala, kwenye takwimu au kwenye madai, kokote nafasi itakakotokea. Hiyo ndiyo kinga yake, kwa sababu mifumo ya hospitali ya serikali kama GoTHoMIS inampa daktari orodha ya magonjwa achague mwenyewe kwenye kompyuta. Kazi ya kunakili namba inakwisha. Inayobaki ni ya kuhakiki.

Na ile ya dola? Marekani mishahara ni mizuri. Mwaka 2023 mtu wa katikati katika fani ya kumbukumbu za tiba alipata takriban dola 49,000 kwa mwaka. Lakini wenzetu wale wana toleo lao la ICD-10, walilolianza Oktoba 2015, na orodha ya huduma inayoitwa CPT, mali ya chama cha madaktari wa huko tangu 1966. Ukiijua CPT yote kwa moyo, haikusaidii kujaza fomu moja ya Makambako. Chama cha AAPC kinachotoa cheti mashuhuri chenyewe humwekea mhitimu asiye na uzoefu alama ya uanagenzi, na waajiri huiona. Kazi inayopelekwa nje ya Marekani huenda zaidi kwenye makampuni ya India na Ufilipino yenye mikataba, si kwa kijana mmoja mwenye bando la wiki.

Kwa hiyo, mzee wangu wa mbao, fedha ya kozi ile usiitoe. Kama kijana anapenda karatasi zilizonyooka na ana subira, stashahada ya taarifa za afya inafaa, na hatajuta. Kama alitaka njia ya mkato, mwambie hii si yake. Hakikisheni usajili wa chuo NACTVET kabla ya kutuma hata shilingi. Na kabla ya kujaza fomu ya maombi, kijana aende hospitali iliyo karibu, aombe kukaa siku moja na watu wa bima. Aende mwisho wa mwezi, madai yanapofungwa, asiende katikati.