MAWIMBI: KWA NINI MUZIKI HUKATIKA KWENYE SPIKA ISIYO NA WAYA?

Mtahiniwa, ukipewa swali la mawimbi linaloanza na tukio la nyumbani, usikimbilie kuandika "mtandao ni mbovu" na kuishia hapo. Jibu hilo halionyeshi fizikia yoyote, na huenda si la kweli. Soma tukio hili:

Simu inapokea muziki wa intaneti kutoka kwenye ruta kwa Wi-Fi, kisha inautuma kwenye spika kwa Bluetooth. Mama akiwasha maikrowevu kupasha chakula, muziki unakatika. Akiizima, unarudi.

1. Mambo ya kukumbuka

Wi-Fi, Bluetooth na maikrowevu vyote hutumia mawimbi ya sumakuumeme. Ruta nyingi hutumia masafa ya karibu GHz 2.4. Bluetooth iko humo humo, na maikrowevu hufanya kazi kwenye GHz 2.45 hivi. Kwa hiyo vyote vitatu vimebanana kwenye njia moja.

Nguvu zao hazilingani. Maikrowevu huzalisha mamia ya wati ndani ya sanduku lake, ilhali ruta hutoa sehemu ndogo tu ya wati moja. Sanduku la chuma huzuia karibu mawimbi yote, lakini kiasi kidogo kinachovuja, ingawa hakimdhuru mtu, kinatosha kuufunika ujumbe wa simu. Ni kama kumnong'oneza rafiki kando ya mashine ya kusaga.

Redio ya zamani ikiingiliwa hukwaruza. Spika ya Bluetooth hunyamaza. Sababu ni kwamba muziki wake husafiri kwa vifurushi vya data. Kifurushi kikiharibika, hutumwa tena. Vikichelewa kupita akiba iliyomo kwenye spika, sauti hukatika.

2. Hatua za kutafuta chanzo

Kanuni ni ile ile ya maabara: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

(i) Cheza wimbo uliohifadhiwa ndani ya simu. Ukiendelea kukatika, intaneti haihusiki. Tatizo liko kati ya simu na spika. Usipokatika, chunguza ruta na intaneti.

(ii) Unganisha simu na spika kwa waya, kama spika ina tundu lake. Muziki ukitulia, spika ni nzima na kasoro iko kwenye mawimbi. Hatua hii inaweza kuiokoa familia isinunue spika mpya bila sababu.

(iii) Zima kifaa kimoja kimoja kilicho karibu, kisha sikiliza.

(iv) Sogeza simu karibu na spika, na ondoa vizuizi. Chuma huakisi mawimbi haya. Maji hufyonza sehemu yake, na mwili wa binadamu una maji mengi. Ndiyo maana simu iliyo mfuko wa nyuma hukatika ukiipa spika uso.

(v) Kama ruta na simu vinaruhusu, hamishia Wi-Fi kwenye GHz 5. Hapo Bluetooth hubaki na nafasi zaidi. Lakini mawimbi ya GHz 5 hudhoofika zaidi yanapopita ukutani, hivyo usikae mbali na ruta.

3. Mfano wa swali na majibu

(a) Kokotoa urefu wa wimbi la maikrowevu lenye masafa ya GHz 2.45. (Alama 2)
Urefu wa wimbi = kasi ÷ masafa
= (3 × 10⁸ m/s) ÷ (2.45 × 10⁹ Hz)
= m 0.122, yaani sm 12.2.

(b) Kwa nini unaona chakula kupitia wavu wa mlango, ilhali mawimbi ya maikrowevu hayatoki kwa wingi? (Alama 2)
Matundu ya wavu ni ya milimita chache, madogo sana kuliko sm 12.2, hivyo mawimbi hayo huzuiwa. Urefu wa wimbi la mwanga ni mdogo mno kuliko matundu, hivyo mwanga hupita.

(c) Toa ushahidi mmoja kutoka kwenye tukio kwamba chanzo ni maikrowevu. (Alama 1)
Muziki hukatika inapowashwa na kurudi inapozimwa.

Angalizo: Katika (c) usiandike "kwa sababu masafa yanafanana". Hayo ni maelezo ya sababu. Swali limetaka ushahidi. Wengi hupoteza alama hapa huku wakijua jibu.

4. Zoezi

1. Kokotoa urefu wa wimbi lenye masafa ya GHz 5.
2. Muziki wa intaneti unakatika, lakini wimbo uliohifadhiwa kwenye simu haukatiki. Taja sehemu utakayoichunguza kwanza na utoe sababu.
3. Kwa nini si sahihi kuzima maikrowevu na kuhamisha spika kwa wakati mmoja unapotafuta chanzo?