Boriti, mibuyu na hesabu ya miaka: jinsi umri wa miti ya kale unavyojulikana Unguja

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar hazina tarehe iliyoandikwa ukutani. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, na Beit al-Ajaib inajulikana kuwa ilijengwa mwaka 1883, zama za Sayyid Barghash. Lakini nyumba ya kawaida ya uchochoroni, yenye kuta za mawe na chokaa na dari ya boriti, mara nyingi hupewa umri kwa masimulizi ya wenyewe au kwa kutazama nakshi za mlango wake. Shahidi mwingine yumo ndani ya nyumba hiyohiyo, juu ya vichwa vya wakaazi, nayo ni boriti yenyewe.

Mti unaoota mahali penye msimu mmoja wa kukua huongeza tabaka moja la mbao chini ya ganda lake kila mwaka. Ukikatwa, matabaka hayo huonekana kama pete. Mwaka wa neema huacha pete pana na mwaka wa shida huacha pete nyembamba. Kwa kuwa miti ya eneo moja hupata mvua na ukame uleule, mfuatano wa pete hizo hufanana kati ya mti na mti. Pete za ndani za mti ulio hai zikioanishwa na pete za nje za gogo lililokufa zamani, hesabu hurudi nyuma kupita uhai wa mti wowote mmoja. Aliyeiweka elimu hii katika misingi yake ni Andrew Ellicott Douglass, mwanaastronomia wa Marekani aliyekuwa akitafuta alama za mabadiliko ya jua ndani ya mbao, na mwaka 1937 akaanzisha maabara ya pete za miti mjini Tucson, Arizona.

Miti iliyoipa elimu hiyo urefu wake ni misonobari ya brisilikoni ya milima mikavu ya California na Nevada. Haihusiani na mvinje wa pwani, ambao baadhi ya watu huuita msonobari. Huota taratibu mno, katika baridi na udongo hafifu, na mbao zake zina utomvu mwingi kiasi kwamba gogo lililokufa linaweza kubaki juu ya ardhi kwa maelfu ya miaka bila kuoza. Mwaka 1957 Edmund Schulman alichukua sampuli ya mti uliopewa jina la Methuselah, wenye pete zaidi ya 4,800, na mamlaka za misitu za Marekani haziutangazi hadharani mahali ulipo. Zina sababu. Mwaka 1964, kwa kibali halali, mti mwingine wa aina hiyo ulikatwa huko Nevada kwa ajili ya utafiti. Ulipohesabiwa ukakutwa na pete 4,862. Kwa kawaida mti hauhitaji kukatwa. Kekee nyembamba yenye tundu ndani yake hutoa kijiti chembamba kuliko kalamu ya risasi, na pete zote husomeka humo.

Mkaazi wa Unguja anaweza kuuliza hayo yanamhusu vipi. Jibu limo katika kipimo cha kaboni-14, kilichobuniwa na Willard Libby mwishoni mwa miaka ya 1940. Kila kiumbe hai huchukua kaboni hiyo kutoka hewani. Kikifa, kiasi chake hupungua hadi nusu baada ya miaka 5,730 hivi. Tatizo ni kwamba hewa ya kale haikuwa na kiasi kilekile cha kaboni-14 kila mwaka, hivyo hesabu ya maabara peke yake huweza kupotoka, na kwa vitu vya kale sana upotofu huo hufikia karne kadhaa. Kosa hilo lilipimwa kwa kutumia misonobari ya brisilikoni. Kufikia mwaka 1969 Charles Wesley Ferguson alikuwa ameunganisha mlolongo wake kwa zaidi ya miaka 7,000, na mwanakemia Hans Suess akapima kaboni katika mbao ambazo mwaka wake ulikuwa tayari unajulikana. Majedwali ya kusahihishia miaka yanayotumiwa leo duniani, ambayo toleo lake la karibuni ni la mwaka 2020, yamejengwa juu ya msingi huo, pamoja na pete za miti ya nchi nyingine.

Kwa hiyo tarehe za Unguja Ukuu, mji wa bandari ulioanza kustawi yapata karne ya 7, zimepita katika mizani ya miti ya mbali. Hapo wataalamu hukabiliwa na jambo la kipekee la mahali petu. Jedwali la kaskazi ya dunia na lile la kusini hutofautiana kidogo. Zanzibar iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, lakini wakati wa kaskazi huvuta hewa ya upande wa pili, na wakati wa kusi hewa ya kusini. Upepo uleule uliosukuma majahazi huingia katika hesabu ya umri wa punje ya mtama.

Punje imetajwa kwa makusudi. Kila pete ya mti huhifadhi kaboni ya mwaka ilipoundwa, kwa hiyo mkaa uliotokana na kiini cha mti mkongwe huonekana wa zamani kuliko moto ulioutengeneza. Nafaka huishi msimu mmoja tu. Ndiyo maana wachimbaji wa mabaki ya kale hupendelea mbegu zilizoungua kuliko kipande kikubwa cha mkaa, japo kipande hicho ndicho kinachovutia macho.

Mbuyu ni kesi ngumu zaidi, na hapa masimulizi ya mitaani yanahitaji tahadhari. Unene wa mbuyu hauthibitishi umri wake. Pete zake ni hafifu, nyingine hukosekana, na kiini mara nyingi ni tupu. Aidha, kundi la watafiti lililoongozwa na Adrian Patrut wa Romania limeonyesha kuwa mibuyu mingi mikubwa ni mashina kadhaa yaliyoungana, na kwamba uwazi wa katikati wakati mwingine ni nafasi iliyobaki kati ya mashina hayo, si mahali palipooza. Kundi hilo lilipima vipande vidogo kwa kaboni-14 na kukuta mbuyu wa Panke nchini Zimbabwe ulikuwa na miaka 2,450 hivi. Katika ripoti yao ya mwaka 2018 walieleza kuwa mibuyu 9 kati ya 13 mikongwe zaidi waliyoifahamu barani Afrika ilikuwa imekufa au sehemu zake kuu kuanguka, mingi ikiwa kusini mwa bara. Mbuyu wa kijijini Unguja unaotajwa kuwa na miaka elfu unaweza kuwa nayo, au kuwa na mia tatu. Futi kamba haitoshi kuamua.

Kwa nyumba za Mji Mkongwe, zilizo nyingi za karne ya 19, kaboni-14 inapungukiwa. Kati ya mwaka 1650 hivi na 1950, kiasi cha kaboni hiyo hewani kilipanda na kushuka kwa namna ambayo mti uliokatwa mwaka 1700 na mwingine uliokatwa 1850 huweza kutoa majibu yanayokaribiana mno. Baada ya hapo mambo hugeuka. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza sana kaboni-14 hewani, hivyo mbao za miongo ya karibuni hutambulika bila shida. Mlango unaouzwa kwa jina la “mlango wa kale” ilhali mti wake ulikuwa bado unakua mwaka 1970 utajifichua maabara, isipokuwa fundi awe ameuchonga kutoka mbao kuukuu.

Katika pengo hilo ndipo pete zingefaa, kama miti yetu ingekuwa na pete za kuaminika. Unguja ina masika na vuli, na mti unaositasita mara mbili kwa mwaka unaweza kuandika pete mbili. Magharibi mwa Tanzania Bara, penye msimu mmoja wa mvua, hali ni nyepesi zaidi: utafiti wa miti ya miombo uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta pete zinazohusiana na mvua na vipindi vya El Niño. Pwani, habari njema ilitoka Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa. Mwaka 2004 Anouk Verheyden na wenzake walichapisha ushahidi kuwa mkoko, ule wenye mizizi ya kujipinda kama matao, huunda pete moja kwa mwaka. Vinyweleo vya kupitisha maji ndani ya mbao yake huwa vichache wakati wa mvua na vingi wakati wa kiangazi, na tofauti hiyo huonekana katika mbao iliyolainishwa vizuri. Mchu, jirani yake wa mikokoni, hauna tabia hiyo; matabaka yake hayafuati mwaka.

Mkoko ndio mti wa boriti. Kazi ya Gazi ilihusu miti hai, na boriti moja ina pete za miongo michache tu, hivyo kufika darini kunahitaji vipande vingi vya miaka inayopishana. Vipimo kadhaa vya kaboni kutoka pete zinazofuatana za boriti moja pia hupunguza utata wa karne ya 19, kwa sababu umbali wa miaka kati ya vipimo hivyo unajulikana. Njia zote mbili zina sharti moja, kwamba boriti za zamani ziwepo.

Sharti hilo ndilo linalopotea. Dari inapofumuliwa, boriti kuukuu huishia jalalani au jikoni. Ukarabati katika Mji Mkongwe, uliomo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, husimamiwa na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na hatua ya kuomba kibali ni wakati mwafaka wa kuuliza kuhusu mbao zitakazoondolewa. Kipande cha urefu wa kiganja, kilichokatwa kwa msumeno upande wenye ganda au alama zake, kikaushwe kivulini na kuandikwa nyumba, chumba na tarehe kilipotolewa. Rangi na dawa ya mchwa visipakwe, kwa kuwa huharibu kipimo cha kaboni. Izingatiwe pia kuwa mafundi wa zamani walikuwa wakitumia tena boriti za nyumba zilizobomolewa, hivyo kipande kimoja hakitoshi kutaja umri wa jengo zima. Vitatu au vinne kutoka vyumba mbalimbali hueleza zaidi. Boriti iliyochongwa pande zote hadi pete za nje zikaondoka haiwezi kutaja mwaka ilipokatwa, ila mwaka ambao haikuwa bado imekatwa.